Maji ya Kumwogeshea Twaiba

Bi Nimwaka hakuja kutukana mtu, alikuja kukagua. Somo wa mwari anayeijua kazi yake hukagua mapema: chumba atakachokaa biarusi, mkeka wa kusingiwa, beseni la kuogea, mpaka pazia kama linafunika sawasawa. Vyote hivyo alivikubali. Kisha akatoka uani, akafungua bomba na kukinga kiganja ili anawe uso. Maji hayakufika usoni. Aliyaachia yakamwagikia viatu vyake.

"Ala! Fauzia mwanangu, hiki nini? Mmepasua mayai viza humu bombani?"

Fauzia, aliyekuwa amesimama pembeni na taulo, alihisi masikio yakimwaka. "Ni maji tu, Bi Nimwaka. Yana harufu kidogo siku hizi."

"Kidogo?" Bi Nimwaka alinusa vidole vyake, akavitenga na pua kama vimeungua. "Nimsinge mwari kwa liwa mpaka ngozi inukie, halafu nije kummwagia haya? Bwana arusi si atadhani ameozeshwa kuku anayeatamia!"

Kutoka barazani Mjomba Abdulwahab aliyasikia yote. Kwa Wadigo, mjomba ana sauti kubwa katika arusi ya mpwa wake, na Mjomba Abdulwahab alikuwa mtu wa kusema polepole, jambo lililoyafanya maneno yake yazidi kuwa mazito. Alimgeukia mama yake, Bibi Mbeyu, aliyekuwa ameketi kwenye kibago akichambua asumini.

"Mama, arusi ni wiki ijayo. Ijumaa baada ya swala nitapita tena. Nikiyakuta maji yangali hivi, Twaiba tutamwozea kwangu Waa. Sitaki mwana wa dada yangu aanze ndoa kwa kuchekwa."

Mikono ya Bibi Mbeyu ilisimama juu ya maua. Kila mtu pale alijua Mjomba amesema nini. Bibi mwenyewe alitolewa kwenye ua huo alipoolewa. Binti yake, mama yao Fauzia na Twaiba, alitolewa hapo hapo, na alipofariki, Mungu amrehemu, wanawe wawili walilelewa na Bibi katika nyumba hiyo ya Msambweni. Twaiba alikuwa bado hajaota meno ya mbele Bibi alipoanza kumwambia siku atakapopita mlango ule amefunikwa, vigelegele vitasikika mpaka baharini.

"Vyema," alisema Bibi mwishowe. "Basi mimi nitakuja Waa kama mgeni. Nitatia chupa ya maji mkobani, kama wafanyavyo wageni wanaokuja kwangu."

Hapo hata Bi Nimwaka aliinamisha uso. Mkoba wake ulikuwa begani, na shingo ya chupa ilikuwa ikichungulia.

Zamani nyumba ile ilisifika kwa maji. Palikuwa na mtungi wa udongo pembeni mwa ukumbi, na kila asubuhi Bibi aliumwaga, akausuuza, akaufudikiza juu ya chetezo chenye ubani na udi, ndipo akautia maji mapya. Ukinywa, unasikia moshi mtamu ukikupanda puani. Watu waliokuwa na haraka zao walipiga hodi ili waombe maji tu. Lakini kisima cha zamani kiligeuka chumvi, ikabidi kichimbwe kingine cha mashine, kirefu, chenye pampu. Tangi la plastiki likapandishwa juu ya mnara wa matofali, mabomba yakaingizwa ndani. Mwanzoni maji yalikuwa na kijiharufu kama cha njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwashwa. Waliyazoea. Kisha, baada ya watu wa posa kuja na kuondoka, harufu ikabadilika, ikawa hiyo ya mayai viza. Siku hizi mtungi ulikuwa umelala ubavu, na buibui ametanda mdomoni mwake.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Jirani alisema kisima kimechimbwa kwenye njia ya jini. Mwingine alisema ni mjusi kafia ndani. Thoya, fundi wa bomba, mtu wa Samburu ya huku Pwani aliyehamia Msambweni kwa kazi, alimimina dawa ya klorini tangini. Kwa siku chache maji yakanuka hospitali, kisha yakarudia mayai.

"Dada," Twaiba alimwambia Fauzia usiku ule wa Bi Nimwaka kabla hawajalala, "umeisoma kemia miaka na miaka. Bomba moja latushinda?"

Alisema kwa mzaha, lakini sauti ilimkatika mwishoni. Fauzia alimkumbatia. Alikuwa amehitimu mwaka jana, na maombi yake ya kazi yalikuwa bado hayajajibiwa. Lakini alikuwa na imani moja ambayo wenzake chuoni walimcheka nayo: kwamba hakuna jambo gumu duniani lisilolainika ukikaa nalo kwa subira na kwa upendo. Hakuwahi kuijaribu imani hiyo mbele ya arusi.

"Halitushindi," alisema.

Asubuhi alianzia kule maji yanakoanzia. Alifungua koki iliyo karibu na kisima, kabla maji hayajapanda tangini, akajaza bilauri. Akanusa. Njiti ya kiberiti, basi. Kisha akajaza bilauri nyingine kwa bomba la jikoni. Mayai viza. Alizibeba zote mbili mpaka mezani akakaa akizitazama, kama mtu aliyeletewa mashahidi wawili wasiosema neno moja.

Twaiba alikuwa akipoza chai ya Bibi. Aliimimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, mkono mmoja juu, mmoja chini, chai ikishuka kama uzi. Fauzia, bila kufikiri, alichukua kikombe kitupu na kufanya vivyo hivyo kwa maji ya kisimani. Juu, chini. Juu, chini.

Akanusa. Akanusa tena.

"Twaiba, hebu njoo. Wasikia nini?"

Twaiba aliinamisha pua. "Sisikii kitu."

"Kweli?"

"Wallahi, dada. Maji tu haya."

Harufu ile ya kiberiti ilikuwa hewa iliyofungwa ndani ya maji tangu chini ya ardhi. Ukiyafungulia njia, yenyewe yaenda zake. Fauzia alivuta bilauri ya pili. Akajaribu yale ya jikoni: akayamimina mpaka mkono ukachoka. Harufu ilipungua, lakini uozo ulibaki. Kwa hivyo vilikuwa vitu viwili, si kimoja. Cha kwanza kilitoka kisimani. Cha pili kilikuwa kinayangojea maji njiani, na njiani hapakuwa na kitu ila tangi.

Alimwita Thoya aje na ngazi.

"Tangi liko sawa, dada," Thoya alisema kabla hajaulizwa.

"Nataka kulichungulia tu."

"Ngazi yenyewe imeoza."

"Thoya, ngazi ni ya chuma."

Thoya aliitazama ngazi kama ndiyo iliyomsaliti. Aliishika, na Fauzia alipofika nusu alimwona amefumba macho.

Alipofunua kifuniko, harufu ilimpiga usoni akageuza kichwa kutafuta hewa. Alipotazama tena aliona kamba ya usumba imefungwa kwenye ukingo, imezama majini. Akaivuta. Kilichotoka kilikuwa kifuko kizito cha kitambaa, kinachuruzika uji mweusi.

"Usikifungue!" Thoya alipiga kelele kutoka chini. "Dada, nakuomba kwa jina la mamako, hilo ni fingo la kulinda nyumba!"

"Fingo? Nani kaweka fingo?"

"Mimi! Lakini si mimi. Nilitumwa." Alikuwa bado amefumba macho. "Bibi alinipa kimefungwa. Akasema tia, funga, usifungue, usimwambie mtu. Kwetu Samburu mtu mzima akikwambia hivyo, hufungui. Hata klorini nilimimina pembeni, kwa heshima."

Fauzia alishuka nacho mpaka nyuma ya mnara, mahali pasipoonekana kutoka nyumbani. Kamba ilikatika kwa kuguswa tu. Ndani hamkuwa na hirizi wala mfupa wala maandishi. Mlikuwa na mabua ya mrehani, majani ya mkadi yaliyogeuka kamasi, na asumini, mamia ya asumini, meusi kama kinyesi cha mbuzi. Na kitambaa kile alikitambua. Kilikuwa kipande cha kanga ya Bibi, ile aliyovaa siku ya watu wa posa.

Siku ile ikamrudia. Mwanamke mmoja wa upande wa bwana arusi alipewa maji, akaisogeza bilauri mdomoni, akasita, akaiweka chini. Bibi Mbeyu aliona. Naye akatafuta dawa pale alipokuwa akiipata maisha yake yote, kwenye maua.

Thoya alifumbua jicho moja. "Maua?"

"Maua."

"Ni maua tu?" Alikaa chini kando ya mnara. Kisha akili ikamrudia. "Basi tuyatupe. Tuseme ni mjusi. Kila mtu anamtaka mjusi."

Fauzia alilifikiria. Mjusi angeubeba mzigo ule bila kulalamika, na hakuna ambaye angemcheka Bibi. Lakini kutoka pale aliweza kuona baraza, na barazani Bibi alikuwa ameinamia uteo wa asumini. Asumini ile ilikuwa nyingi mno kwa kichwa cha biarusi mmoja. Kando yake palikuwa na kipande kingine cha kanga, kimeshakatwa.

Alikwenda akaketi sakafuni, miguuni pa Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona wanuka hivyo? Umetoka wapi?"

"Bibi, ule mtungi wetu, ulikuwa ukiutia maua?"

"Mtungi hautiwi maua, mjinga wee. Mtungi hufukizwa mtupu. Maua ni ya maji ya kuoga, hutiwa beseni, na mtu akishaoga humwagwa."

"Na yasipomwagwa?"

Bibi aliacha kuchambua. Aliutazama uteo. Akatazama juu, kule kwenye tangi, akakitazama kile kipande cha kanga pembeni yake. Fauzia alingoja. Aliyajua maneno yote ya kueleza jambo lile, na hakulisema hata moja.

"Huoza," Bibi alisema. "Ya Rabi! Tangi halimwagwi." Kisha haraka, "Thoya kasema?"

"Thoya kafumba macho mpaka sasa. Alidhani umempa fingo."

Bibi alijizuia. Mabega yakamtikisika. Mara kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mwanamwali, mpaka kanga ya kichwani ikadondokea uteoni. Fauzia naye alicheka, na walipokuwa wakicheka aliona machozi kwenye mikunjo ya macho ya bibi yake.

"Nilitaka yanukie, Fauzia. Yule mama aliiweka chini bilauri yangu. Katika nyumba hii!"

"Najua, Bibi."

"Haya." Alijifuta kwa upindo wa kanga. "Hiyo kemia yako yasemaje?"

"Yasema tuyapoze kama chai."

Tangu hapo Bibi Mbeyu ndiye aliyekuwa amiri wa kazi. Alitoa mabeseni yake ya zamani ya plastiki, na Fauzia aliyatoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto jikoni. Wazo lilikuwa jepesi: mabeseni yapangwe moja juu ya jingine, yakiachana, juu ya tangi, ili maji ya kisima yanyeshe kama mvua kutoka hili kwenda lile, harufu ipeperuke kabla hayajaingia. Beseni la katikati litiwe makaa ya vifuu vya nazi yaliyooshwa, yanyonye kitakachobaki. Twaiba alitoka kwenda kuchoma vifuu mwenyewe.

"Mwari huyo juani!" Bibi alipiga kelele. "Rudi ndani! Wataka Bi Nimwaka anile nyama?"

"Ni arusi yangu, Bibi, na ni vifuu vyangu!"

Thoya alilimwaga tangi, akaingia na brashi, akalisugua huku akiimba, maana sasa hakuogopa kitu. Mara ya kwanza walipowasha pampu, maji yaliruka kwa nguvu yakaling'oa beseni la juu, likamwangukia Thoya kichwani kama kofia. Mara ya pili walipunguza koki, wakayafunga mabeseni kwa waya na kuyazungushia wavu wa mbu. Mvua ndogo ikaanza kunyesha juu ya tangi. Wote walisimama wakiitazama, shingo zimepinda.

Hata hivyo Alhamisi bomba la jikoni lilinuka vile vile. Fauzia aliinusa bilauri akayamwaga maji. Hapo ndipo alipojua jinsi alivyotaka jambo hili. Alitaka zaidi ya kuitwa msomi. Alitaka Bibi asibebe chupa mkobani kwenda arusi ya Twaiba. Alikaa kwenye kizingiti, uso mikononi.

Twaiba alikuja akajibana kando yake. "Tangi limesafishwa, sivyo? Mabomba je? Nayo yamekunywa ule uji kwa muda wote huo."

Fauzia alinyanyua kichwa. Kisha akambusu dada yake kwenye paji la uso kwa mlio mkubwa. Thoya alitia klorini kidogo tangini, wakafungua kila bomba mpaka harufu ya dawa ikasikika, wakayafunga yalale nayo. Asubuhi waliyafungua tena, jikoni, msalani, uani, yakatiririka mpaka migomba ikasimama kwenye dimbwi.

Ijumaa baada ya swala Mjomba Abdulwahab alipiga hodi. Bi Nimwaka alikuwa nyuma yake, mkoba begani, chupa ndani. Ukumbini walisita wote wawili. Mtungi ulikuwa umesimama pembeni, umefunikwa kawa, na harufu ya udi ilikuwa ikizunguka taratibu juu yake.

"Karibuni," alisema Bibi Mbeyu. "Mgeni kwanza hupewa maji."

Mjomba alikunywa. Alifumba macho kidogo kama mtu aliyeitwa na sauti ya utotoni. Lakini Bi Nimwaka aliishika bilauri akaizungusha.

"Haya ya mtungi yamefukizwa. Moshi huficha mengi, Bi Mbeyu. Na nani aniambie hamkununua maji?"

"Bomba liko pale pale uani," alisema Bibi. "Miguu unayo."

Bi Nimwaka aliondoka na miguu yake, na nyumba nzima ikamfuata. Alifungua bomba. Akakinga kiganja, akanusa. Akayaacha yamwagike, akakinga mengine, akanusa tena, mara hii puani kabisa. Thoya, kando ya mnara, alikuwa amefumba macho. Kisha Bi Nimwaka akanawa uso. Akasukutua. Akanywa kiganja kimoja, na cha pili. Aliponyanyuka, maji yalikuwa yakimdondoka kidevuni.

"Fauzia."

"Labeka."

"Kwangu Diani utakuja lini?"

"Kwako?"

"Mwanangu, harufu ile ya kiberiti mimi naishi nayo tangu tulipochimba kisima. Wadhani chupa hii naibeba kwa mapambo?"

Kicheko kilichopasuka pale kiliwatoa majirani nje. Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akauliza kilikuwa kitu gani hasa kilichooza. Thoya aliwahi. "Mjusi, mzee. Mkubwa, wa—"

"Mjusi gani!" alisema Bibi Mbeyu, amesimama wima. "Ni mimi. Nililitia tangi maua, nikilidhani beseni. Atakayecheka acheke sasa, maana wiki ijayo atakuwa anapiga vigelegele." Alimshika Fauzia mkono. "Na huyu ndiye aliyenifundisha bila kunisuta."

Hakuna aliyecheka. Mjomba Abdulwahab alimtazama Fauzia, akaitikia kwa kichwa polepole.

"Basi, Mama," alisema, "nitafutie mkeka wa kulalia. Mgeni wa arusi hii nitakuwa mimi."

Siku ya kuogeshwa, wanawake walijaa ua mpaka mlangoni. Twaiba alikaa nyuma ya pazia, ngozi imeng'aa kwa liwa. Beseni lilijazwa kwa bomba, na Bibi Mbeyu akanyunyiza juu yake asumini ya alfajiri ile, mbichi, nyeupe, ikielea. Bi Nimwaka alichota kwa kata, akasoma Bismillahi, akamimina kutoka juu, na maji yakashuka kwenye mabega ya mwari kama uzi wa chai. Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Bibi. Cha pili hakikujulikana ni cha nani, kwa maana vilikuwa vingi.

Biarusi alipoingizwa ndani, Fauzia alimwona Bibi ameinama juu ya beseni, akiyakusanya maua yaliyolowa. Alimkaribia kwa wasiwasi. Lakini Bibi aliinua beseni lote, maji na maua, akalimwaga kwenye shina la mti wa asumini pale pale uani.

"Ya leo yamekwisha," alisema, akaligonga beseni mgongoni litoe ua la mwisho. "Kesho tutachuma mengine."